Simu Iliyosikika Mashineni

Walisema sitafika masika ya pili. Niliporudi Kahama kutoka Dar es Salaam na diploma yangu ya umeme, begi la vifaa na suruali mbili za kazi, vijana niliosoma nao shule ya msingi Isaka walikuwa wameshanipangia mwisho wangu: mikono ya chuo itachubuka, vumbi la machimboni litanishinda, nitaomba nauli ya kurudia nilikotoka. Mwanangu, leo mota nyingi za machimbo ya upande huu, ukielekea Geita, zimepita mikononi mwangu. Nalisema hilo bila kuona haya kwa sababu ni kweli. Lakini ipo siku moja ambayo nusura niwape haki wale wasemaji, na siku hiyo haikuhusu umeme. Ilihusu simu.

Umeniambia yako imekufa na hujui ununue ipi. Umenionyesha picha za simu kadhaa, na nimeona jinsi unavyoirudia ile ya rangi ya dhahabu. Sikulaumu. Nami nilipokuwa na umri unaokaribia wako nilikuwa na macho kama hayo.

Kazi yangu ilikuwa kutengeneza mota za makarasha, zile mashine zinazosaga mawe ya dhahabu. Aliyewahi kusimama karibu na karasha anajua kelele yake. Watu wawili wakitaka kuongea lazima wagusane kwanza. Mashine ikisimama, mawe yamelala, wachimbaji wamekaa, na mwenye mashine anampigia fundi. Asipompata anampigia mwingine, na huyo mwingine akishafungua mota, mteja huyo kashakuwa wake. Kule fundi hana kibao wala ofisi. Mtu akitaka kukupata ana namba yako tu.

Alikuwepo Mama Kulwa, mama wa mapacha, mwenye umri wa mama yangu mzazi. Alikuwa na makarasha yake na pampu za kuvuta maji kwenye maduara, yaani mashimo ya wachimbaji. Wakati ule alikuwa akinipima mimi na fundi mwingine, aamue ni nani atashika mashine zake zote. Kwangu kazi hiyo ndiyo ilikuwa kukaa Kahama au kuondoka. Basi katika siku hizohizo simu yangu ikateleza kutoka mfuko wa shati, ikatumbukia kwenye dimbwi la kuoshea mchanga wa dhahabu. Nikaitoa, nikaifukia kwenye mchele kama watu wanavyoshauri. Mchele tukaula, simu haikuamka.

Mama Kulwa alinitafuta kutwa nzima. Alipochoka akapanda bodaboda, akanifuata mwenyewe.

"Shikamoo, mayu," nikamwambia. Kwa Kisukuma mayu ni mama.

"Marahaba. Nikadhani umesharudi Dar."

"Simu imekufa, mayu."

"Basi twende ununue nyingine. Siwezi kuwa namtafuta fundi porini kama ng'ombe aliyepotea. Na hiyo utakayonunua, nikipiga usipopokea, nitamchukua mwenzio. Nakwambia mapema tusije tukanuniana."

Tukaenda mjini. Kwenye benchi nje ya duka la simu nikawakuta Masanja na Juma, wawili kati ya wale walionihesabia masika. Wakatufuata ndani kutazama. Mwenye duka akanitolea simu nyembamba, mgongo wa kioo, inang'aa hata kivulini. Nikaishika. Nikajiona tayari nimekaa nayo pale Isaka, nimeiweka mezani kifudifudi ili mgongo wake uonekane.

Kando yake kulikuwa na nyingine, nene, ina mpira kwenye pembe zote.

"Fundi wa diploma huyo," Masanja akasema. "Sasa usije ukatuaibisha ukabeba hilo tofali."

"Mwache," Juma akadakia. "Labda limebaki hilo moja amalize ukuta."

Wakacheka, nami nikacheka nao, huku mkono umeshaingia mfukoni kutoa pesa za ile ya kioo.

Mama Kulwa hakukasirika. Aliniuliza kwa sauti ya chini, kama anayeuliza bei ya nyanya.

"Simu hii itapigwa na nani?"

"Na wewe, mayu. Na wateja wengine."

"Sasa mbona unawatazama hawa?"

Nilihisi masikio yamepata moto. Ningekuwa mtu mwenye kiburi cha bure ningenunua ile ya kioo palepale kumwonyesha kwamba sipangiwi. Lakini mimi kiburi changu nilikuwa nimekisomea, mwanangu. Nikikosea katika jambo la ufundi silali. Na kuchagua kifaa ni ufundi. Hakuna mota niliyowahi kuifunga bila kuijaribu, sasa kwa nini simu niibebe kwa kuitazama tu?

Ng'ambo ya barabara kulikuwa na mashine ya kusaga mahindi, inanguruma. Nikamwomba mwenye duka tuweke laini yangu kwenye ile ya kioo, tukavuka pamoja naye. Nikaitia mfukoni, nikasimama mlangoni pa mashine, unga unanirukia. Mama Kulwa alibaki ng'ambo, simu sikioni. Nikasubiri anipigie. Nikasubiri tena. Mwisho nikamwona ananipungia mkono kwa hasira. Alikuwa ameshapiga mpaka ikakatika. Sikuwa nimesikia chochote, wala paja halikuhisi kitu.

Tukarudi dukani tukahamishia laini kwenye lile tofali, kisha nikasimama tena mlangoni pa mashine. Mara hii hata kabla hajaifikisha simu yake sikioni vizuri, paja langu likatikiswa kama nimegusa waya. Nikapokea. "Umenipata?" akauliza, nami nikamjibu nimempata.

Sikuishia hapo. Nilitoka nayo juani nikaona kama maandishi yanasomeka. Nikapiga nayo picha kibati cha mota ya ile mashine, chenye herufi ndogo zilizofifia, kwa sababu picha za vibati ndizo nilizokuwa nawatumia wauza spea wa Mwanza. Zikasomeka. Nikauliza kama inaingia laini mbili, maana mtandao unaoshika mjini machimboni unaweza kupotea. Nikauliza kioo chake kikivunjika nakipata hapahapa Kahama au mpaka niagize. Nikatazama chaji, kwa kuwa kule umeme ni wa jenereta na jenereta lina mwenyewe. Mwenye duka alikuwa ameshachoka nami, lakini kila swali alilijibu, na risiti akaniandikia.

Masanja aliniita Tofali msimu mzima. Niliumia kidogo, nisikudanganye. Hakuna kijana asiyeumia.

Kisha ikaja siku ya pampu. Nilikuwa nimeinama kwenye karasha la mtu mwingine, kelele imejaa kichwani, paja likatikisika. Nikatoka mbio mpaka mahali pa kusikia. Alikuwa Mama Kulwa. Pampu ya duara lake kubwa imesimama, watu wameshapanda juu salama, lakini maji yanapanda nayo, na yakifika kwenye matimba, zile nguzo za miti zinazozuia udongo, kuta zitaporomoka na kazi ya mwaka mzima itazikwa humo.

Nilifika, nikafungua mota, nikakuta kifaa kimoja kimeungua. Nikapiga picha kibati, nikawatumia watu wa Mwanza, wakanijibu kwamba kile kinachofanana nacho kipo kwenye duka fulani Kahama mjini. Bodaboda ikaenda, ikarudi. Maji yalikuwa yameshalamba nguzo za chini pampu ilipoanza kuvuta. Wachimbaji walikaa pembeni wakitazama bomba linavyotapika. Mama Kulwa akanisogelea, akanikabidhi funguo za nyumba ya mashine zake zote, akaenda zake kunywa uji. Yule fundi mwingine, nilikuja kusikia, siku ile alipigiwa kwanza na hakupatikana.

Sasa, mwanangu, usiende ukanunua tofali kwa sababu nimelisifu. Wewe unasomea uuguzi Shinyanga mjini. Hutembei na vumbi la mawe. Siku yako ni kusoma masomo kwenye simu usiku umeme ukiwa umekatika, ni kuhifadhi video za walimu, ni kupiga nyumbani bila bando kuisha. Basi tafuta kioo kipana kisichokuumiza macho, nafasi ya kutosha ndani, na chaji inayodumu. Kamera ya kupiga picha mwezi haitakusaidia kufaulu. Kabla hujaingia dukani keti ukumbuke jana yako, tangu ulipoamka: simu ulishika lini, kwa nini, na ilikukwamisha wapi. Hizo ndizo sifa za kutafuta. Ukiingia, ijaribu kwa kazi yako, siyo kwa nyimbo za mwenye duka. Iliyotumika, inayouzwa mkononi bila boksi wala risiti, iache hata ikiwa rahisi. Na ukisikia kicheko nyuma yako, ujue hao hawatakuwepo simu itakapoita.

Mungu akupe kazi ya heshima na afya ya kuifanya. Na siku mtu mwenye shida kubwa atakapopiga namba yako, Mungu ajalie akupate.