Nani Alimtesa Tomaso?

"Likate hilo neno," Efrazia alisema. "Nani alimtesa?"

"Shemeji, ndivyo inavyoandikwa." Hermani alikuwa na kalamu mkononi; ukoo ulikuwa umempa kazi ya kuandika historia ya marehemu kaka yake, isomwe kanisani mchana ule kabla ya kuzika. "Mtu akilala kitandani miaka saba, tunasema aliteseka. Hata yule marehemu wa kijiji cha Nangwa waliandika hivyo."

"Wa Nangwa sijui alilala kwa nani. Tomaso alilala kwangu."

Mume wake alivunjwa mgongo na dume la ng'ombe lenye pembe ndefu kiasi kwamba kunguru akitua ncha moja, ilimbidi apumzike njiani kabla ya kufika ncha ya pili. Anayebisha aende Bashay akaulize. Tangu siku hiyo Efrazia alimgeuza kitandani kila jogoo alipowika, na jogoo alipochoka, alimgeuza bila jogoo. Asubuhi alimburuta nje juu ya ngozi, Tomaso aone ng'ombe wake na kumsema anayekamua vibaya. Anayekamua alikuwa Efrazia mwenyewe.

"Waulize waliomwosha jana. Walikuta kidonda mgongoni? Hata cha punje ya mtama?"

Hermani aliisogeza karatasi mbali naye.

"Andika aliumwa. Maumivu alikuwa nayo, nilikuwa nayasikia kwenye meno yake. Lakini kuteseka ni pale unapoita, na wenye masikio wanaendelea kula ugali."

"Hakuna anayekulaumu, shemeji."

"Kanisa zima litasikia aliteseka, na kanisa zima linajua alikuwa mikononi mwa nani." Sauti yake ikashuka. "Ila yapo mateso ninayoyajua. Mwaka juzi nilipolazwa hospitali siku tatu, mlimchukua kwenu. Nilimkuta amelalia mkojo wa juzi, midomo imepasuka kwa kiu, na kikombe kiko dirishani. Andika hayo. Siku tatu, nyumbani kwa mdogo wake."

"Mke wangu alikuwa shambani."

"Na wewe ulikuwa na miguu."

Hermani akainamia karatasi, akachezesha kalamu kidogo. "Haya. Nimelikata."

Efrazia akamnyang'anya karatasi, akaigeuzia kwenye mwanga wa mlango. "Mimi sikusoma hata darasa moja, Hermani. Ila neno lililokatwa nalijua kwa macho, na hapa sioni hata mkwaruzo. Au nimwombe katekista azisome na zile siku tatu, watu wote wa..."

Mlangoni kukaingia kivuli. Katekista Onesphory aliinama kupita, kofia mkononi.

"Tumsifu Yesu Kristu. Watu wameshaketi. Historia ya marehemu iko tayari?"

Hermani aliivuta karatasi kutoka mkononi mwa shemeji yake, akalipiga lile neno mstari mpaka kalamu ikatoboa.

"Milele, amina," akajibu Efrazia.