Kitambaa Juu ya Transfoma

Harufu ya transfoma inayoungua haifanani na ya kitu kingine. Ndizi zikiungulia chunguni, nyumba nzima inajua na watu wanacheka. Transfoma huanza polepole, kama mshumaa uliochanganyika na rangi ya mlango, kisha harufu inakukaa kooni siku tatu. Mimi niliinusa nikiwa na miaka kumi na miwili, katika nyumba ya misheni mjini Bukoba, enzi za Mwingereza, msimu wa senene, wale panzi wa kuliwa. Sasa ni bikizee, na hasira niliyokuwa nayo siku ile ninayo mpaka leo. Anayetaka kumbukumbu tamu za utoto akamtafute mtu mwingine.

Mama yangu, Ma Adela, alizaliwa Muleba akaolewa Hamugembe. Baba alipofariki, mama alipata kazi ya kupiga pasi kwa mwalimu mmoja Mmarekani na mkewe, ambaye sote tulimwita Memsahibu. Kwa pasi ya mkaa mama hakuwahi kuunguza hata kola moja. Kanzu za kwaya zilitoka mikononi mwake zimenyooka kama karatasi. Memsahibu alikuja na pasi ya umeme kutoka kwao, na umeme wa kwao una nguvu nusu tu ya ule uliotoka kwenye injini ya misheni. Ukiichomeka pasi ile ukutani moja kwa moja, inakufa papo hapo. Kwa hiyo kati ya ukuta na pasi ilikaa transfoma, sanduku la chuma zito kama jiwe la kusagia, likinguruma kwenye kimeza chake pembeni. Mwalimu alimweleza mama masharti yake mara moja tu, kwa Kiswahili cha kuokoteza. Mama, ambaye kusoma kwenyewe alijifunzia katekisimu, aliyageuza masharti yale kuwa maswali na majibu, na kila Jumamosi tukishuka kutoka Hamugembe alinisaili njiani.

"Transfoma hulisha vitu vingapi?"

"Kimoja, mama, na kisizidi uwezo ulioandikwa ubavuni mwake."

"Hufunikwa?"

"Haifunikwi. Inapumua."

"Ikipata moto kupita kiasi?"

"Unazima ukutani kwanza, ndipo unagusa kingine."

Jumamosi ninayoisema, Memsahibu alingoja wageni. Nje watoto wa misheni walikuwa wakikimbiza senene kwenye majani mabichi, na mimi nilikuwa ndani nikikunja mashati. Memsahibu akaitazama transfoma, akaona inaharibu sura ya chumba. Akatandaza juu yake kitambaa cheupe cha kufuma, akaweka na chombo cha maua. Mama akakiondoa, akakikunja vizuri. Memsahibu akakirudisha. Mama akakiondoa tena, akasema kwa adabu, "Memsahibu, inapumua." Memsahibu akacheka, akamgeukia Ta Zakaria, mzee wa kanisa aliyekuwa akipanga viti: "Adela anadhani ni mbuzi!" Akatandaza kitambaa mara ya tatu, kisha akachomeka na birika la chai la umeme kwenye transfoma ile ile yenye pasi. Mama alipotaka kuchomoa pasi aliambiwa mashati hayangoji. Mimi nilikuwa nimekwisha kusoma namba zilizoandikwa ubavuni, nikasema hazitoshi vitu viwili. Nikaambiwa mtoto haingilii maneno ya wakubwa. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, tulikaririshwa shuleni. Methali ya mkuu asiyesikia la mdogo hawajatutungia hadi leo.

Memsahibu akatoka kuwapokea wageni. Hata hajafika getini, moshi ukapanda kwenye kitambaa, kisha ndimi za moto. Nilinyakua ndoo ya maji, mama akanikemea kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia: "Usimwage!" Alirukia ukutani akazima swichi, akachomoa plagi, ndipo akaufunika moto kwa blanketi la kupigia pasi. Kiganja chake cha kulia kiliungua, lakini nyumba ya watu ilipona. Wageni walipoingia, Memsahibu alikuwa na neno tayari. "Amefunika transfoma. Umeme hawauwezi hawa." Mama alimtazama Ta Zakaria, aliyeona yote kwa macho yake mawili. Ta Zakaria akatazama viatu vyake.

Jumatatu alikuja kwetu. Nilitumwa kumpelekea kahawa ya kutafuna, buni kavu zilizofungwa kwenye majani ya mgomba, nikapiga magoti mbele yake kama ilivyo desturi, na laiti ningejua ningempa majani makavu matupu, bila buni. Akatafuna, akasafisha koo.

"Ma Adela, waitu, nakusihi, Jumapili simama uungame kwamba ulifunika wewe. Watakusamehe. Nusu shari kuliko shari kamili. Na huyu binti yako Koku anangoja barua ya misheni aende shule ya bweni. Ukifukuzwa kwa uzembe, nani ataiandika?"

"Ta Zakaria, wewe uliona."

"Niliona. Lakini kuona si kusema."

Aliyasema hayo kahawa yetu ikiwa mdomoni mwake.

Siku zile uamsho ulikuwa umepamba moto, na watu walisimama kanisani kuungama dhambi zao mbele ya wote. Mama alisimama na mkono uliofungwa kitambaa, akasema, "Nilifunika mimi." Kanisa zima likaimba kwa furaha. Memsahibu akamkumbatia huku analia, na nadhani mpaka hapo alikwisha kuuamini uongo wake mwenyewe. Mimi sikuimba. Barua ikaandikwa, nikaenda shule, nikawa mwalimu. Wanasema mficha maradhi kifo humuumbua. Memsahibu alirudi kwao na sifa njema, Ta Zakaria akazikwa kwa heshima zote, na wala hakuna aliyeumbuka. Nimeombewa nisamehe, nimejiombea mwenyewe, sijaweza.

Leo umeme umefika mpaka migombani. Mjukuu wangu ametuletea blenda kutoka Marekani, pamoja na transfoma yake ndogo kama kipande cha sabuni. Wiki iliyopita mkewe aliifunika kwa kitambaa, ati ipendeze. Nilifoka mpaka binti wa watu akatokwa na machozi, na baadaye nilimwomba radhi, maana kosa halikuwa lake. Mama alikufa bila kulitengua ungamo lake. Alisema neno lililotolewa kanisani halirudishwi. Basi vitukuu wangu nawasaili mimi, na wote wanajibu: kimoja, haifunikwi, unazima ukutani kwanza. Nimeongeza swali moja ambalo mama hakuthubutu kuliweka.

"Nani alifunika?"

Hujibu kwa pamoja, kwa sauti ya kufika hadi kwa jirani: "Si Ma Adela!"