Korola la Nicanor na Nguzo ya Herminia

Nicanor Irizarry, jirani yangu wa ng'ambo ya barabara hapa Yauco, alipostaafu utarishi wa posta hakwenda kucheza domino kama wenzake wenye akili. Alinunua mzoga wa Korola kwenye uwanja ambako bima huuza magari ya ajali. Lilikuwa limegonga nguzo ya umeme, pua imeingia ndani, mlango wa dereva ukiusukuma huku unaachama kule. Akalivuta mpaka bandani, akavaa ovaroli mpya, akajiita fundi.

Shida ni kwamba banda si lake peke yake. Marehemu mama yao alimwachia Nicanor nyumba ya chini, na Herminia, dada yake mkubwa, ghorofa ya juu. Banda la mbele, ambalo paa lake ndiyo baraza ya Herminia, marehemu hakulitaja. Herminia alizoea kupanga meza zake hapo kila Krismasi. Sasa anakuta chuma.

Basi vita. Nicanor akianza kuchomelea, Herminia anazima umeme huko juu. Herminia akianika shuka, Nicanor anakumbuka kupiga msasa, vumbi jekundu linapanda. Mwisho walifokeana barabarani, sisi majirani tukiwa mashahidi, wakawekeana sharti: Siku ya Wafalme, sikukuu ya Mamajusi, Januari sita, gari litoke lenyewe kwa injini yake. Likitoka, banda ni la Nicanor. Lisipotoka, Herminia anaita lori la chuma chakavu, na Nicanor analipakia kwa mikono yake.

Injini ilikuwa tayari. Taa na radieta, tayari. Kilichobaki ni chesisi, ile fremu ya chini, maana ilikuwa imepinda na gurudumu la mbele lilisaga bodi. Mafundi wa nyumbani hapa kwetu hawana mashine ya kunyooshea. Unafunga gari kwa nyuma, mnyororo wa mbele unaufunga kwenye mti mnene, unavuta na winchi ya mkono taratibu. Nicanor alikuwa na mti wake, mparachichi wa marehemu baba. Herminia aliukata mwaka juzi kwa sababu matunda yalikuwa yanadondokea upande wa mdogo wake.

Kwa hiyo akafunga mnyororo kwenye nguzo ya banda.

Nilimuuliza kama ana hakika. Akanijibu kwamba nguzo hiyo imestahimili vimbunga viwili, itashindwa na Korola? Akavuta. Chesisi ikalia, ikanyooka, mlango ukajifunga wenyewe, safi kama wa dukani. Akacheka. Kisha nguzo nayo ikalia. Zege likapasuka, nondo zikachungulia, baraza ikainama kiasi cha kiganja, na vyungu vya maua vya Herminia vikateremka kimoja kimoja juu ya boneti iliyopakwa rangi juzi.

Herminia akachungulia kutoka juu.

"Mama alisema wewe ni mzigo," alisema. "Nilidhani anatania."

"Ungeniachia mti wangu, dada."

Mwashi alikuja, akasimamisha magogo manne mdomoni mwa banda kuishikilia baraza, akamwapisha kila mtu: asiyaguse mtu mpaka nguzo mpya imwagwe zege na ikauke. Herminia akasema nguzo atajenga aliyeivunja. Nicanor akasema atajenga aliyekata mti.

Siku ya Wafalme tukajaa barabarani, sahani za wali wa mbaazi mkononi. Nicanor akaingia, amenyoa, akawasha. Likawaka mara moja. Halikukohoa hata kidogo, na mimi niliyemcheka miaka miwili nikamwinulia sahani yangu. Akaliingiza gea, likasogea hatua mbili, pua ikasimama mbele ya magogo.

"Sharti lilikuwa litoke," Herminia alisema.

"Toa magogo yako litoke."

"Magogo yakitoka, lori linaingia."

"Na mimi nitakuwa nimekaa ndani ya gari."

Lori lilikuja kweli mchana ule. Dereva akatazama magogo, akatazama baraza, akageuza.

Huu ni mwezi wa tano. Nguzo hakuna aliyejenga. Kila asubuhi Nicanor anakaa ndani ya Korola lake, anawasha, anakanyaga mafuta mpaka moshi ufike kwa dada yake, na Herminia anamwaga maji ya deki barazani, yanachuruzika mpaka juu ya boneti. Gari linang'aa, lazima niseme. Analiosha mwenyewe kila siku, afanyeje.