Uje na Pasi

Kinyozi wa mlango wa pili anasema alikuwepo. Anasema siku timu iliposafiri, Rula alifika uwanja wa ndege amekumbatia pasi ya mkaa, makaa yanawaka ndani, moshi unamtoka kwapani kama treni. Eti askari wa mlangoni waliruka pembeni, mmoja akammwagia maji. Eti rubani alimwona kupitia dirisha akacheka mpaka ndege ikachelewa kuruka.

"Mwongo huyo," anasema Rula, bila hasira, huku akipiga kola ya shati. "Siku hiyo yeye alikuwa bado anafungwa vifungo na mama yake. Na pasi haikuwa na moto. Ilikuwa ya baridi kabisa, kama jiwe."

Ukuta kati ya vyumba viwili ni wa mbao, kwa hiyo kinyozi anajibu kutoka upande wake. "Lakini ulikuwa nayo, Mzee Rula! Ulikuwa nayo au hukuwa nayo?"

Rula anageuza shati upande wa pili.

Ni saa mbili asubuhi, na tayari nguo zimejaa kwenye kamba iliyofungwa toka pembe hadi pembe. Meza imevikwa blanketi la zamani na juu yake shuka jeupe lenye madoa ya kahawia, mahali pasi ilipokaa muda mrefu kuliko ilivyotakiwa. Uani mke wake anafua. Yeye ananyoosha. Wamegawana kazi hivyo tangu watoto wao wakubwa hawajazaliwa.

Pasi yenyewe ni ya chuma, nzito, na kifungo cha mbele kimetengenezwa kwa umbo la jogoo mdogo. Kichwa cha jogoo kimelika kwa kushikwa. Makaa yakififia, Rula anatoka nayo mlangoni, anaipunga mbele na nyuma mpaka cheche ziruke na moto ushike, kisha analowesha kidole na kugusa chuma. Ikilia tsss, anarudi mezani.

Shati moja analipwa bei ya mkate mmoja. Suruali, mkate na nusu. "Nusu ya mkate ni ya mstari," anasema. "Suruali bila mstari ni gunia."

Na mistari yake watu wanaisifu. Imenyooka, haipindi gotini. Vijana wanaoleta nguo zao hapa wanadhani ndiyo sababu anaitwa Rula. Wengi wao hawajui kwamba jina hilo lilitoka kwenye uwanja wa mpira, enzi za ujana wake.

Wazee wakikaa kubishana nani walikuwa bora wa enzi ile, kila mtu ana kipa wake na beki wake, na wanaweza kukesha. Lakini kwa majina mawili hakuna anayebisha: Rula na Nyundo. Mmoja alikuwa anapima, mwingine anagongea. Picha zao ni chache, na hizo chache zimeliwa na mchwa. Kilichobaki ni redio. Mtu mzima wa umri fulani ukimwambia "Rula amepima," yeye mwenyewe atamalizia, "na Nyundo amegongea!" kwa sauti ya mtangazaji, hata kama yuko msibani.

"Watu walidhani nampa mpira," anasema Rula. "Sikuwa nampa mpira. Nilikuwa nampa mahali. Mshambuliaji ukimpa mpira mguuni umemchelewesha. Unaupeleka pale atakapokuwa, na unamwamini kwamba atafika. Nyundo alikuwa anafika. Hatukuwa tunaitana. Sikumbuki kumwita hata mara moja."

Walikuwa wakiishi mtaa mmoja, nyumba ya nne na nyumba ya tisa. Nyundo alikuwa mkubwa kwa miaka miwili. Mama yake Rula alikuwa dobi, na Rula alijifunza kunyoosha nguo kabla ya kujifunza kusoma. Ndiyo maana timu iliposafiri kwenda kucheza miji mingine, ni yeye aliyebeba pasi. Jezi za timu nzima zilipita mikononi mwake usiku wa kuamkia mechi. Wenzake walimtania kwamba anapiga pasi mara mbili, leo na kesho.

Kila safari, katibu wa timu alikuwa akimkumbusha kwa maneno yaleyale: "Rula, uje na pasi."

Ikaja safari ya nje ya nchi. Ya kwanza. Walialikwa kucheza mechi mbili, na habari zilikuwa zimezagaa kwamba huko kuna watu wenye vilabu vikubwa watakaokuja kuchagua wachezaji. Vitabu vya kusafiria vilitolewa mapema. Wengine waliviacha kwa katibu. Rula aliomba chake akakionyeshe kwa mama yake, kwa sababu mama yake hakuwa ameamini. Mama alikitazama, akacheka picha, akakifunga ndani ya khanga, akakitia chini kabisa ya sanduku lake.

Jioni ya kuamkia safari, Nyundo alisimama dirishani kwa Rula. Hakuingia ndani. Alisema, "Katibu kasema kesho uje na pasi." Rula akasema haya. Nyundo akaenda zake.

"Ndivyo ilivyokuwa," anasema Rula. "Siku hizo kitabu cha kusafiria kila mtu alikiita pasi. Hata mimi nilikuwa nakiita hivyo. Lakini nilipoambiwa pasi, mimi nilinusa mkaa. Nimezaliwa nao. Nikaisugua vizuri, nikaifunga kwa gazeti, nikalala."

Kesho yake, mbele ya meza ya ukaguzi, katibu alinyoosha mkono. Rula akampa furushi la gazeti.

Alikimbia nyumbani. Alimkuta mama yake ametoka kupeleka nguo za watu, na sanduku limefungwa kwa kufuli. Alipovunja kufuli na kurudi, ndege ilikuwa imeshaondoka.

"Nimecheza viwanja vingi," anasema, "vya majani, vya vumbi, vya matope. Kilichonishinda ni cha ndege."

Kinyozi, ambaye amewahi kuusikia utani huu, anacheka tena upande wa pili wa mbao. Mke wa Rula, anayepita na beseni la nguo zilizokamuliwa, hacheki.

"Yeye anawachekesha," anasema mke. "Mimi ndiye ninayeisikia ndege ikipita saa ya kulala. Anageuka ukutani."

Nyundo alichaguliwa huko huko. Hakurudi na wenzake. Alicheza nje miaka tisa, na magoli yake yalisomwa redioni pamoja na majina ya miji ambayo hapa mtaani hakuna aliyeweza kuyatamka. Rula alibaki, akacheza misimu miwili zaidi. Alikuwa anaupeleka mpira mahali, na mahali pale hapakuwa na mtu. Mashabiki wakaanza kusema Rula amepinda. Kisha goti likaisha.

Kwa kukosa ndege, anasema, angeweza kumlaumu mama, kufuli, au yeye mwenyewe, na yaishe. Kilichobaki kama mfupa kooni ni maneno mengine. Gazeti moja lilimwuliza Nyundo huko aliko kuhusu mwenzake, naye akajibu kwa mzaha: "Wote tuliambiwa tuje na pasi. Kila mtu alikuja na yake." Mtaa mzima ukacheka. Watoto wa wakati ule, ambao leo ni baba za watu, walijifunza kumpigia kelele ndege ikipita: "Rula, usafiri huo!"

Hapo ndipo watu walipoanza kumnong'oneza. Kwamba nafasi zilikuwa za kugombania. Kwamba Nyundo alijua vizuri ni pasi ipi, na alijua mwenzake ataelewa ipi. Mbona hakuingia ndani?

"Kikulacho ki nguoni mwako," kinyozi anasema, safari hii amekuja mwenyewe mlangoni na mkasi mkononi.

"Nguo zenyewe nimezipiga pasi miaka yote hii," anajibu Rula. "Mbona sijakiona?"

Lakini hakuwahi kwenda kumwuliza. Nyundo aliporudi nchini, alijenga upande wa pili wa mji, na hakuna aliyevuka kwa mwenzake. Katibu alishafariki. Anayejua kilichokuwa moyoni mwa aliyesimama dirishani ni mtu mmoja tu, na huyo mtu sasa anatembea kwa fimbo.

Jumatatu ya wiki hii, gari lilisimama nje. Akashuka dada mmoja wa makamo na koti jeusi limelazwa mikononi kama mtoto mchanga.

"Shikamoo, baba mdogo."

Rula aliitikia marahaba, kisha akauliza, "Nani kakwambia mimi ni baba yako mdogo?"

"Baba," alisema yule dada. "Nyumbani hatujawahi kukuita vingine."

Alieleza kilichomleta. Jumamosi klabu inawaenzi wachezaji wa enzi ile. Nyundo ataupiga mpira wa kufungua mechi. Ametaka koti lake linyooshwe na Rula mwenyewe, si mtu mwingine. Na mwaliko wa Rula upo. Jina lake limeandikwa.

Mke wa Rula alisubiri gari liondoke. "Ungeunguza hata mkono mmoja tu," alisema, "ukasema bahati mbaya."

Rula hakuunguza. Alilinyoosha juu ya kitambaa chenye unyevu, taratibu, mabega kwanza. Alipolitundika, kinyozi alikiri kwamba koti lile lingeweza kwenda sherehe lenyewe, bila mtu ndani.

Karibu na koti, kwenye msumari, lipo shati jeupe la Rula. Mke wake alilifua siku ileile. Mpaka leo Alhamisi lina makunyanzi yake yote. Mwenyewe hajaligusa.

Ni kwa sababu ya ombi. Kabla yule dada hajaondoka Jumatatu, Rula alimsimamisha penye mlango wa gari. "Mwanangu, mwulize baba yako neno moja. Jioni ile, pale dirishani, alijua ni pasi ipi? Sitaki aniombe radhi. Akisema alijua, nitakuja. Akisema hakujua, nitakuja. Nataka tu nikiingia pale uwanjani nisiwe bado nakisia."

Hilo ndilo tumaini lake lililobaki. Anasema uzee wa goti ameuzoea, ila kukisia hakuzoeleki.

Saa tano hivi, gari linasimama tena. Yule dada anaingia, anasalimu, analitazama koti, anaweka mkono kifuani kwa kushukuru. Nyuma ya mbao, mkasi wa kinyozi umenyamaza.

"Ulimwuliza?" anasema Rula.

"Nilimwuliza, baba mdogo. Alikaa kimya mpaka nikadhani amesinzia. Halafu akasema, 'Mwambie Jumamosi aje na pasi.'"

Mke wa Rula amesimama kwenye mlango wa nyuma, mikono inadondosha maji.

"Pasi ipi?" anauliza Rula.

"Alisema pasi tu."

"Hukumwuliza ni ipi?"

"Sikumwuliza." Dada anawatazama mmoja mmoja, kama mtu aliyevunja chombo cha wenyewe bila kujua. "Nimeleta kama nilivyoambiwa. Nilidhani wewe utaelewa."

Macho ya Rula yanahama kutoka kwa yule dada, yanakwenda dirishani, yanarudi. Kisha anashika kichwa cha jogoo, anainua kifuniko cha pasi, na kuyaangalia makaa yaliyoanza kuvikwa majivu.

Dada ameshalichukua koti. Nje dereva anapiga honi mara moja.

"Baba mdogo, yuko nyumbani anasubiri jibu," anasema. "Nikamwambie unakuja?"