Jina Walilolisoma Ukumbini

Mume wangu alikuwa daktari wa mifugo, mtu wa kwanza wa boma lao kuvaa joho la chuo kikuu. Alikufa baada ya zile mvua kubwa za mwisho wa miaka ya tisini, ng'ombe walipokuwa wakianguka kuanzia Bisil hadi mpakani, naye akawa anapasua mizoga kutafuta kinachowaua. Alikipata. Homa ilimlaza siku chache tu, tukamzika kwao Bisil nikiwa na mimba.

Jioni ya mazishi mama mkwe wangu, ambaye namwita yeyo kama wanawe wanavyomwita, aliniketisha akaniambia kwamba jina la mwanawe halitatajwa tena. Kwa Wamaasai wa rika lake, aliyekufa haitwi. Yeyo alikuwa Mkristo, Jumapili haimpiti, lakini hilo hakuliacha mlangoni mwa kanisa.

Mimi ni mtu wa magharibi mwa nchi. Kwetu mtoto mchanga akilia bila kukoma, akina mama humbeba na kutaja majina ya wafu wa ukoo, moja baada ya jingine, na lile litakalomnyamazisha ndilo lake. Mwanangu alizaliwa analia. Nilijua jina litakalomtuliza, nilikuwa nalo mdomoni, na yeyo alikuwa ameketi kando ya kitanda akinitazama. Tukampa jina la Biblia. Alilia hadi akachoka mwenyewe.

Sitasema nilivumilia kwa moyo mweupe. Nilikasirika. Nilikuwa nimepanga nyumba Kitengela, nafundisha shule ya msingi, vumbi la malori ya mawe linaingia hadi kwenye unga, na katika mji mzima hapakuwa na mtu wa kunitajia mume wangu. Walimu wenzangu walisema "marehemu". Nikienda Bisil siku ya mnada, wafugaji aliowatibia mifugo walinishika mkono, wakanipa maziwa, wakasema "yule wa dawa". Shukrani yao ilikuwa ya kweli. Lakini mimi niliolewa na mtu mwenye jina, na nilikuwa na kiu ya kulisikia kutoka kinywani mwa mtu mwingine, hata mara moja.

Miaka ikapita hivyo, ndipo chuo kikuu alichosomea kikatuma ujumbe. Kilikuwa kinawatuza wahitimu wake waliolitumikia taifa kwa njia ya kipekee, na yeye alikuwa mmoja wao. Familia ije ipokee ngao. Yeyo aliposikia akasema atakuja.

Nilikwenda mwenyewe kwenye ofisi ya waandalizi kuwaeleza mambo ya jina. Karani alinisikiliza kwa adabu, kisha akauliza, "Sasa madam, tutamheshimu aje na hatumtaji?"

Nikamwambia waseme daktari wa Bisil, nasi tutasimama. Akaahidi. Nilitoka pale nikijiona mjinga. Nafasi ilikuwa imekuja hadi mlangoni, nami nikaifukuza kwa ajili ya mama wa watu.

Siku ilipofika yeyo alikuja na shuka jipya na zile shanga alizozivua wakati wa msiba. Sikuwa nimeziona shingoni mwake tangu hapo. Tuliketi safu ya pili. Aliitwa jaji, akaitwa mhandisi, akaitwa mama mmoja wa benki, kila mmoja akapanda jukwaani kwa makofi. Kisha mshereheshaji, ambaye hakuwa yule karani na bila shaka hakuambiwa lolote, akainua karatasi na kuyasoma majina ya mume wangu yote matatu.

Nilifurahi. Sioni haya kusema. Machozi yalinitoka na nilikuwa nacheka. Nikaanza kusimama, na mkono wa yeyo ukanishika kifundo cha mkono, ukanirudisha kitini. Mkono uliokamua ng'ombe maisha yote hauponyoki kirahisi.

Mshereheshaji akatazama huku na huku. Akaita tena, kwa sauti ya mwalimu anayeita rejista. Watu waligeuza shingo. Nilimtazama yeyo nikidhani nitaona hasira, lakini hakuwa na habari nami wala na jukwaa. Alikuwa amegeuka nyuma, anautazama mlango wa ukumbi.

"Inaonekana familia haikufika," mshereheshaji akasema. Wakapiga makofi kidogo, ngao ikarudishwa mezani, na akaitwa daktari wa meno.

Tulipofika nyumbani Kitengela ndipo yakanitoka. "Yeyo, mbona ulinishika? Tumeonekana kama hatuna shukrani. Walikuwa wanatuita sisi."

Alikuwa kwenye kochi, anavua shanga. "Si sisi waliita," akasema. "Waliita yeye. Mimi nilikataza jina ndiyo nikae nikijua haji ni vile hajaitwa." Akaweka shanga mapajani. "Leo wameita. Wameita tena, na ile spika kubwa. Hakuitika."

Kaburini yeyo hakutoa chozi. Watu walisema ni moyo wa chuma, na mimi nilikuwa mmoja wao. Sasa alilia mdomo wazi, mbele ya mjukuu wake, na mimi sikuwa na jina la kumnyamazisha. Nilikaa kando yake. Alilia hadi akachoka mwenyewe.