Haidrenja ya Nyambura

Siku yangu ya kwanza kazini nilipewa makasi ya kupogolea nikatumwa kukata haidrenja, na kufikia saa nne nilikuwa nimeharibu maua ya mwaka mzima. Ilikuwa Elburgon, mwanzoni mwa miaka ya hamsini, nyumbani kwa meneja wa kiwanda cha mbao. Nilikuwa nimetoka Maragoli na barua ya mwalimu wangu iliyosema kwamba najua kusoma. Kuhusu maua haikusema kitu.

Mzee Kariuki, nyapara wa bustani, alisimama nyuma yangu akatazama rundo la matawi.

"Wewe kijana, unanyoa kondoo?"

"Mzee, niliambiwa nikate."

"Uliambiwa ukate ua lililokauka. Hapa umekata mpaka jicho. Sasa mwaka ujao tutaangalia majani tu."

Jicho ni lile chipukizi nono linalokaa chini ya ua la zamani. Waridi huchanua kwenye tawi jipya, lakini haidrenja ya aina ile huchanua kwenye tawi la mwaka uliopita, kwa hiyo mwenye pupa na makasi hapati kitu. Mzee alinifundisha pia kuzidisha miche: ukate tawi lisilo na ua, chini kidogo ya kifundo, upunguze majani nusu, kisha ulichomeke kwenye mchanga wenye unyevu. Na alikuwa na sheria moja asiyoilegeza. Mche usiofanana na mama yake ung'olewe na uchomwe, la sivyo utachanganya kitalu kizima na wewe utaonekana mwongo.

Nyuma ya stoo ya majembe kulikuwa na kichaka kimoja ambacho hakuna aliyekigusa ila yeye. Kilipandwa na binti yake, Nyambura, akiwa na miaka sita, naye hakufika saba. Maua yake yalikuwa bluu, kama wino wa shule.

Hali ya Hatari ilipotangazwa, lori lilikuja kuwachukua Wakikuyu wote wa kambi yetu ya wafanyakazi. Mzee aliruhusiwa kuchukua blanketi. Alinipitia mlangoni akasema, "Hicho cha Nyambura usikiache kife. Nikirudi nitakuuliza."

Nilibaki peke yangu kwenye safu ya vyumba vinane. Nilikuwa nikipika, nakula nikitazama ukuta, nalala. Siogopi kusema kwamba nililia.

Baadaye meneja alirudi kwao Ulaya, nami nikapelekwa Nakuru, Milimani, kwa bwana wa benki. Asubuhi ya kuondoka niliambiwa gari linangoja. Nilikata vipandikizi vya kichaka cha Nyambura mbiombio, nikavichomeka kwenye debe la mchanga, nikapanda nyuma. Barazani kulikuwa pia na vyungu vya haidrenja za rangi ya waridi, na humo pia nilikuwa nimekata vijiti kadhaa, nikavitia debe lile lile.

Milimani ilikuwa na ua mrefu wa michongoma kila upande, na kila mfanyakazi alikuwa nyuma ya ua wake. Mke wangu alibaki kwetu Maragoli. Niliongea zaidi na miche ile kuliko nilivyoongea na watu. Sita ilishika, nikaipanda, na mwaka wa pili ikachanua.

Yote sita ilikuwa ya rangi ya waridi.

Memsahib, mke wa bwana wa benki, alifurahi. "Hii mzuri sana," alisema. Mimi nilijua nimechanganya, nimebeba vya vyungu na kuacha vya kichaka cha mtoto. Kama kungekuwa na mtu mmoja wa kuuliza, ningeuliza. Nilishika sheria ya mzee. Niling'oa yote sita nikaichoma.

"Nani natoa maua yangu?" memsahib aliuliza.

"Ni mimi, memsahib. Yalikuwa ya uongo."

Hakunielewa. Alimwita bwana shamba wa serikali aje aone kama nimerukwa na akili. Yule bwana alichukua udongo kiganjani, akaniuliza nilikotoa miche, akatikisa kichwa. Udongo wa msitu wa Elburgon una uchachu, akasema, ndio unaoleta bluu. Huu wa Nakuru ni wa majivu ya volkano na magadi. Haidrenja ile ile ukiileta hapa inageuka rangi ya waridi, na ukiipanda kwenye chungu chenye chokaa vilevile. Majivu ya miche yangu yalikuwa bado na joto.

Niliomba ruhusa nikaenda Elburgon. Nyuma ya stoo, palipokuwa na kichaka, nilikuta kabichi.

Nimetunza bustani miaka mingi tangu hapo, kwa mabwana wengi, mpaka nikastaafu. Vijana wakiniuliza siri ya kazi, nawaambia waujue udongo kabla ya kulaumu mche, nao wanaandika. Hawajui nilijuaje.

Hali ya Hatari ilipokwisha, nikiwa bado kwa bwana wa benki, Mzee Kariuki alirudi. Alinikuta Milimani, amekonda, kofia mkononi. Hata chini hakukaa.

"Kile cha Nyambura?"

"Nilikileta huku, Mzee. Kiliuawa na baridi."

Alitazama bustani ile, mipapai, migomba, jua la saa sita. Baridi ya kuchoma majani iko Elburgon. Milimani haijawahi kufika, na hakuna mtunza bustani asiyejua hivyo.

"Ni kweli," akasema. "Baridi ni mbaya." Akanishukuru, akavaa kofia yake, akaenda.