Kapteni aliyekataa kupiga wanaokimbia: niliyoyaona kusini mwa Kimana

Ngurumo ilikuja kwanza, wakuu, kabla hatujaona chochote.

Ilianza chini kabisa, kama posho mill inayosaga nyuma ya kilima. Punda waliisikia kabla yetu. Masikio yao yakasimama, msafara mzima ukasita, na sisi wenye miguu miwili tukabaki tukiangalia mbingu tupu.

Mtaniwia radhi kwa kuanzia katikati. Hamjambo wote, wa Kitengela, wa Laiser Hill, na ninyi mnaosoma hapa ofisini bosi akidhani mnafanya kazi. Mimi huandika riwaya, kwa hivyo mna haki ya kunishuku. Lakini haya sikuyatunga. Nilichobadilisha ni majina tu.

Nimesukumwa na ule uzi wa humu jukwaani, wa boti zinazolipuliwa baharini na jeshi la nchi nyingine kwa kushukiwa kubeba madawa ya kulevya. Comments nyingi zinasema wamalizwe tu. Mmoja ameuliza mbona jeshi letu lisiwafanyie hivyo watu wa bangi mpakani.

Mkuu, lilikaribia kufanya. Nilikuwa hapo, nimelala kifudifudi, mdomo umejaa vumbi.

Sasa nianze mwanzo.

Niko na rafiki anaitwa Naserian. Ni mwalimu Kitengela, tunajuana tangu chuo. Kwao ni kusini mwa Kimana, mbali na mashamba ya vitunguu, kule ambako majani yakiisha watu huhama. Mwaka ninaousimulia yaliisha. Mama yake akapiga simu kwamba wanahamisha boma, naye Naserian akachukua ruhusa kazini, akambeba binti yake Sein, na mimi nikajialika. Nilisema naenda kusaidia. Alicheka. Alijua naenda kutafuta kitu cha kuandika.

Kama hujawahi kuona Wamaasai wakihama, ngoja nikueleze, maana hapa ndipo kosa lilipozaliwa.

Wanaume hutangulia na ng'ombe. Punda ni wa wanawake. Mama ndiye humfunga mizigo, ndiye humswaga, na hakuna mwanaume anayejiheshimu atakayeonekana nyuma ya punda. Nyumba nzima hupanda mgongoni mwa wanyama hao: ngozi, sufuria, fito, vibuyu vya maziwa. Wana-kondoo wasioweza mwendo huwekwa ndani ya kikapu cha ngozi ubavuni mwa punda. Na watoto wadogo pia. Sein, aliyekuwa bado anajifunza kuunganisha maneno, alipakiwa pamoja na wana-kondoo wawili. Alitawala kutoka kwenye kikapu kile kama malkia.

Msafara kama huo haupiti barabarani. Hupita njia ya ng'ombe, katikati ya vichaka, kimya, mizigo imefunikwa kwa turubai.

Sasa hebu uuangalie kutoka juu.

Asubuhi hiyo alijiunga nasi kijana mmoja, Lekishon, jirani wa mama Naserian. Alikuwa na punda wake wawili. Wanawake walimchambua bila huruma.

"Haiya! Lekishon, siku hizi wewe ni mama nani?"

"Mke wangu amejifungua," akajibu, macho chini. "Hawezi kutembea."

"Basi ukifika utatupikia chai," mama Naserian akasema. "Na uoshe vikombe."

Wakacheka hadi wakashikana mabega. Nami nilicheka. Nilimwona ni mume mwema anayevumilia aibu kwa ajili ya mkewe. Nilikuwa tayari nimemwandikia sura nzima kichwani.

Halafu ngurumo.

Helikopta iliibuka juu ya kilima ikiwa chini sana, upepo wake ukapasua vumbi. Mlangoni alikaa askari na bunduki imetuelekea. Upande wa barabara wanajeshi wakatokea vichakani, sauti ya kipaza ikatuamuru tulale chini. Tukalala. Mama Naserian alilala akilaani kwa Kimaasai, kwa sauti kubwa kuliko kile kipaza.

Lakini punda haelewi amri. Punda aliyembeba Sein alipiga teke hewani, akageuka, akatimua mbio kuelekea mpakani, kikapu kinayumba.

Naserian akainuka akamfuata.

Wakati uleule, upande mwingine, Lekishon naye akakimbia.

Wakuu, nimeandika hofu mara nyingi. Sikuwa naijua. Nilimwona rafiki yangu akikimbia wazi, shuka jekundu likipepea, na nikaona mitutu ikimfuata taratibu, kama vichwa vya watu wanaotazama ndege akiruka.

Karibu na nilipolala walisimama wanaume wawili. Mmoja alikuwa inspekta wa polisi, nitamwita Barasa, mtu mnene wa kutoka magharibi. Mwingine alikuwa kapteni wa jeshi, mrefu, mwembamba, Msomali. Nitamwita Dekow.

"Wanatoroka!" Barasa akapiga kelele. "Afande, piga! Ruhusa tuko nayo!"

Redio ikakwaruza. Rubani aliuliza hivyo hivyo, kwa sauti tulivu zaidi: anawaona wawili wanaokimbia, apige?

"Hapana," kapteni akasema.

"Hao ndio walimpiga kijana wangu risasi!"

"Ulimwona huyo mama akimpiga?"

"Afande, ni washukiwa!"

"Mimi nimeitwa mshukiwa kabla nijue kusoma, inspekta. Kwetu ilikuwa kama jina la ukoo." Akaleta redio mdomoni. "Wote, sikilizeni. Hakuna kupiga. Hakuna aliyetuelekezea silaha. Helikopta, ondoka, unaogopesha punda. Mwenye kupiga atanijibu mimi kwanza."

Kisha akafanya jambo ambalo bado naliona nikifunga macho. Akampa askari wake bunduki, akatoka kwenye kichaka, akaanza kutembea kumfuata Naserian, mikono wazi. Hakukimbia. Kama Naserian angekuwa na silaha, yule mtu angekufa mbele yetu.

Helikopta ilipoondoka, punda akachoka na ujinga wake, akasimama kula majani makavu. Naserian akamfikia, akakumbatia kikapu na mtoto na wana-kondoo kwa pamoja. Kapteni akafika. Alipaswa kupekua, kwa hivyo akanyoosha mkono kuelekea kikapuni.

Sein alimwona mtu mzima akimnyooshea mkono. Akainamisha kichwa.

Wale wa Kajiado mnaelewa. Mtoto wa Kimaasai hampi mkubwa mkono. Humpa kichwa, aguswe, ndiyo salamu. Mtoto yule, vumbi hadi kwenye kope, alikuwa anamsalimia mwanajeshi kama alivyofunzwa na nyanya yake.

Kapteni akasimama, mkono uko hewani. Kisha akauweka kichwani pa mtoto, polepole, akauacha hapo kwa muda. Akamwambia Naserian, "Pole, mama." Akapekua baadaye.

Hapa ningeweza kumaliza na mngenipigia makofi. Hadithi nzuri, wasio na hatia wameokoka, jeshi halina akili, twende nyumbani.

Lakini walipofungua mizigo ya wale punda wawili wa Lekishon, kulikuwa na bangi. Bangi nyingi, imeshindiliwa, imefungwa kwa plastiki, imefunikwa na ngozi ya ng'ombe.

Barasa hakupiga kelele tena. Alimwangalia kapteni tu. "Umemwachilia," akasema.

"Nimemkosa," kapteni akajibu. "Tutamtafuta."

Na nataka niwe mkweli kuhusu Barasa, maana ni rahisi kumfanya shetani. Yule kijana wake alikuwa konstebo wa chini yake, aliyepigwa risasi ya nyonga na walanguzi kwenye njia hizo hizo. Hatembei bila magongo. Tukiwa tunangoja kuandikisha maelezo, Barasa alinionyesha picha yake kwenye simu, akiwa na sare, anacheka. "Wewe unaandika vitabu," akaniambia. "Mwandike na huyu." Basi nimemwandika.

Sasa niwaambie kilichofuata.

Kapteni Dekow aliondolewa kwenye oparesheni ile ya kusaka walanguzi. Wenzake walimbatiza Kapteni wa Punda. Nasikia alipelekwa kusimamia stoo ya mablanketi na mabuti, na aliyekuwa chini yake akapandishwa cheo akampita. Mtu aliyekuwa na njia wazi mbele yake, ikafungwa kwa sababu ya neno moja kwenye redio.

Na Lekishon? Jeshi halikumpata. Polisi hawakumpata.

Mama Naserian ndiye alimpata.

Wanawake wale walikuwa na hasira mliyopaswa kuiona. Hawakukasirikia bangi sana. Walikasirika kwa sababu alijificha nyuma ya watoto wao, akawatumia punda wao kama pazia, na akadanganya kwamba mke amejifungua. Ule uzazi waliuchukulia kama tusi la mwisho. Mke hakuwa hata mjamzito! Wakaenda kwa mama mzazi wa Lekishon wakiwa kundi. Wakakaa nje ya boma, wakakataa kuondoka, wakakataa chai. Mama yake akamtoa.

Nilimuuliza mama Naserian kwa nini hawakumficha. Kule watu hawapendi kumkabidhi mtu wao kwa serikali. Alinishangaa.

"Yule mrefu hakumuua akiwa anakimbia," akasema. "Kwani atamuua akiwa amekaa?"

Wakuu, hapo ndipo penye somo langu, kama mnataka somo. Wale wanawake walimpeleka kwa mguu hadi kituoni kwa sababu walikuwa wameona kwa macho kwamba kuna njia ya kumpeleka mtu na abaki hai. Na Lekishon, akiwa hai, aliongea. Alimtaja mwenye mzigo, mtu wa magari makubwa Kitengela ambaye hata hapa tungemwita mheshimiwa. Maiti haina cha kutaja. Mkipiga boti, mkipiga punda, mnazamisha na jina la mwenye mali.

Tena sheria yetu haijasema kubeba bangi adhabu yake ni kifo. Hakimu mwenyewe hana uwezo huo. Sasa rubani aliye angani anautoa wapi? Tuseme ni vita. Vita vina watu wanaokupiga nawe unawapiga. Mama anayemfuata mtoto wake si vita, na kutoka juu huwezi kumtofautisha na mlanguzi. Huo ndio ukweli niliouona nikiwa mavumbini. Hata Lekishon, ambaye kweli alikuwa na hatia, kutoka juu alikuwa mgongo tu unaokimbia.

Wanaoniona mlegevu, karibuni hapa chini tubishane. Wa jeshi na polisi, hasa ninyi, nataka kuwasikia. Mngefanyaje na ile redio mkononi? Ila mnijibu mkimfikiria Naserian, na mkimfikiria konstebo wa magongo pia.

Acha nimalizie na kortini, Kajiado, mara ya mwisho nilipomwona kapteni.

Aliitwa kama shahidi. Alikuja na sare iliyopigwa pasi vizuri, peke yake. Lekishon alikuwa kizimbani, amekonda. Naserian na mama yake walikaa karibu nami, na Barasa alikaa nyuma, kofia magotini.

Wakili wa Lekishon alitaka kuonyesha kwamba hata jeshi halikuwa na uhakika. "Kapteni," akauliza, "ulikuwa na bunduki, helikopta na ruhusa. Mbona hukumzuia mteja wangu? Si kwa sababu hukuamini ana hatia?"

"Niliamini anayo," kapteni akasema.

Hakimu, mama wa miwani, akainua kichwa.

"Uliamini, na hukupiga?"

"Ndiyo, mheshimiwa. Kuamini ni kwangu. Kuhukumu ni kwako. Nilitaka afike hapa."

"Na ungerudi pale leo, ukijua yaliyokupata kazini?" hakimu akauliza.

Alifikiri. Sikupenda alivyofikiri kwa muda mrefu, nikaona jinsi ile stoo ilivyomla.

"Ningesema hapana tena," akajibu. "Ningeomba tu helikopta iondoke mapema zaidi."

Hakimu akamshukuru, akamwambia yuko huru kwenda. Akapiga saluti, akageuka. Kizimbani Lekishon alimtazama mtu huyo akipita. Nyuma kabisa Barasa alisimama. Alishika mlango, akaufungua wote, akanyooka kama kuruta.

Kapteni akapita. Barasa akaufunga mlango nyuma yake, taratibu, kwa mikono miwili.